Mlango Haufunguliwi Nje ya Kituo

...halafu akagonga tena, ko ko, vidole viwili tu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi ukweni, na dereva akaendelea kutazama mbele, kwenye nguzo ile ya rangi nyekundu na nyeupe iliyolala kukatiza barabara, akaitazama kwa makini kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, yeye ambaye kila asubuhi husimama hapo hapo kungoja treni ya mizigo ipite, yeye mtu wa miaka ishirini na miwili usukanini, aliyewahi kuteremka mlima na basi lisilo na breki huku abiria nyuma wanaimba wakidhani ni mbwembwe, aliyewahi kubadilisha tairi mbili kwenye mvua kwa jeki moja na tusi moja, sasa alikuwa kiziwi, haoni, hasikii, hajui kabisa kwamba hapo kushoto, nje ya kioo cha mlango, hatua mbili kutoka kwenye goti lake, kuna binti anahema mpaka mabega yanapanda na kushuka... gonga, mama, gonga mpaka vidole viote sugu, hili ni basi la chuo, si mlango wa jikoni kwenu... kitufe cha mlango kilikuwa chini ya kidole gumba chake, cha kijani, kidogo kama kifungo cha shati, ukikibonyeza mlango unapumua fyuu na kujikunja, kazi ya sekunde moja, mtoto anayetambaa angeiweza, na hapo ndipo utamu ulipokuwa, kwamba jambo ni rahisi namna ile na halifanyiki... treni nayo haikuwa na haraka, ilikuwa ile ya saa moja na nusu, ndefu kama hotuba ya mkuu wa chuo, alihesabu mabehewa kumi na saba akapoteza hesabu kwa sababu ya ko ko ya huyu binti, na bado ilikuwa inapita, chuma juu ya chuma, vumbi la saruji likidondoka, na yeye alikuwa amezima injini kama ofisi ilivyoagiza, mafuta ni ghali, ukifika relini zima, haya, amezima, mtu wa sheria, na juu ya kioo cha mlango ofisi hiyo hiyo ilibandika karatasi yenye mhuri, MLANGO HAUFUNGULIWI NJE YA KITUO, tangu yule mwanafunzi wa mwaka juzi aanguke akavunja mkono, sheria ni sheria, ingawa jana, hapa hapa relini, alimfungulia kijana mwenye gitaa, na juzi alifungua kwa wasichana watatu waliokuwa wanakula karanga wakamwachia maganda kwenye ngazi, lakini hao ni hao, na huyu ni Kalamu.

Kalamu alimpa jina yeye mwenyewe, la kwao halijui na hataki kulijua, na leo asubuhi alimwona kwenye kituo cha tangi la maji kabla Kalamu hajamwona yeye, alimwona anavuka barabara anakimbia, mkoba unampiga kiunoni, na saa ya dashibodi ilisema saa moja na dakika kumi na nane, basi huondoka na dakika ishirini, akaweka gia akaondoka na kumi na nane, dakika mbili nani atakwenda kuzitafuta, na kwenye kioo cha pembeni alimwona anainua mkono, mkono ukawa mdogo, ukawa kidole, ukawa nukta, akapiga mluzi... lakini mtoto ana miguu huyu, lazima alikata njia ya nyuma, ile ya karakana za mbao, akaruka mtaro, akapenya kwenye magogo, alijua kwamba reli italikamata basi, na kweli reli ikalikamata, ikamsaliti dereva mbele ya abiria wake wote, na sasa binti yuko hapo na vumbi la mbao kwenye nywele kama mtu aliyetoka kupigwa randa, na gari jingine la chuo linaondoka tangini saa mbili, na daladala za kawaida zinaishia sokoni, na kwa miguu ni saa nzima ya kupanda mlima...

"Dereva, kuna mtu mlangoni," sauti ya kike ikasema kutoka katikati ya basi.

"Nimemwona, mama," akajibu bila kugeuka.

"Sasa?"

"Sasa soma karatasi hapo juu, si mko chuo kikuu nyinyi, someni," na wachache wakacheka, kicheko cha asubuhi, cha watu wenye viti, na yeye akajiona yuko juu, alijua kuwachekesha, watoto wa watu walikuwa wanampenda, au tuseme walimpenda mpaka siku ya lile daftari... daftari lililolaaniwa, lilikuwa linaning'inia sasa hivi nyuma ya kisogo chake, limefungwa kwa uzi kwenye bomba, MAONI YA ABIRIA, ofisi iliyaweka kwenye mabasi yote, na kila Ijumaa dereva analifungua uzi mwenyewe, analibeba mwenyewe kwapani, analipeleka mwenyewe ofisini likasomwe, kama mtu anayebeba fimbo ya kuchapwa nayo na kuambiwa asante, weka hapo mezani... na Ijumaa ile afisa usafirishaji, kijana wa juzi, kidevu kina nywele saba, alilifungua akasoma, akamtazama, akasoma tena, "Mzee, kaa," na kile kiti cha ofisini kilikuwa kifupi, kilimfanya magoti yamfikie kidevuni, akasomewa, Dereva anasinzia akiendesha, siku moja atatuua, herufi za kuparura zimelala upande kama zimesukumwa na upepo, na afisa akainua vidole, "Mzee, hivi ni vingapi?" yeye, aliyekwisha kuendesha mawaziri, akaulizwa vidole ni vingapi, akasema vitatu, na vilikuwa vitatu, na akapelekwa kupimwa macho, na damu, na akavuliwa safari za timu, safari nzuri zile za wiki nzima, hoteli, jina lako kwenye orodha, nyama mchana, akavuliwa zote akabakizwa na hii ya tangini kwenda chuoni, chuoni kwenda tangini, kama ng'ombe wa kukamua mafuta, na nyumbani mama watoto alimtazama tu kwa jicho la kuonea huruma mtu mzima, na hilo jicho, afadhali angemtukana.

Na aliyeandika alimjua, hakuhitaji mganga, alimwona kwa macho yake kwenye kioo cha ndani, Alhamisi ile, binti ameinama juu ya daftari, kalamu mkononi, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la pili, anaandika, anaandika, anaandika, na si hilo tu, kulikuwa na lile jingine ambalo hakumwambia mtu, hata fundi wa gereji ambaye humwambia yote, kwamba Jumatano, siku moja kabla, kwenye mzunguko wa barabara karibu na hospitali, kitu kidogo kilitokea, si usingizi, nani alisema usingizi, ni kope tu zilikutana zikasalimiana, sekunde tatu, mgongo ulikuwa umemkesheza siku ya nne, kile kiti cha zamani kilikuwa kimebonyea upande kama sufuria iliyoanguka, na kope zikakutana, na honi ya mtu ikamzindua, na alipoinua macho kwenye kioo wote walikuwa wameinamia simu zao, shukrani kwa simu, wote ila mmoja, jozi moja ya macho ilikuwa inamtazama moja kwa moja, na macho yale yakageuka haraka kutazama dirishani, kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwe... macho ya huyu huyu. Jumatano aliona, Alhamisi aliandika, Ijumaa dereva alikaa kwenye kiti kifupi. Ukiwa na ushahidi kama huo hata jaji anakwenda kulala mapema.

Kwa hiyo wiki saba sasa anamfunza adabu, kidogo kidogo, kama dawa, siku moja anasimamisha basi mita thelathini mbele ya kituo ili akimbie, akikaribia mlango anasogeza mita kumi, akikaribia tena mita tano, na anasikia nyuma watoto wa watu wanacheka wakidhani ni mzaha wa mzee, na siku ya mvua alimpita, amejifunika bahasha kichwani, bahasha ikamlowea usoni kama chapati, na siku ile moja, haya, ile ilizidi kidogo, mkono wake ulikuwa umeshashika bomba la mlango na yeye akaondoa gari, binti akaenda hatua nne za kukimbia na basi kisha akaachia, goti likaenda chini, kitabu huku, kiatu kule, na jioni alimsimulia fundi, akamwigizia jinsi kiatu kilivyoruka, akaongeza chumvi, akasema kiatu kiliingia dirishani mwa gari la mhadhiri, na fundi alicheka mpaka akakaa chini kwenye beseni la mafuta machafu... na cha kushangaza huyu mtoto hakuwahi kumtukana, kesho yake aliingia na plasta kwenye goti, "Shikamoo baba," akasema, vile vile kama siku zote, na yeye akaitikia puani, akijua kabisa ile shikamoo ni ya mnafiki, shikamoo ya mtu mwenye kalamu.

Ko ko ko, sasa vidole vitatu. Pembeni ya basi, bega kwa bega na mlango, kulikuwa na kigari chekundu, kijana peke yake ndani, mwanafunzi, kibandiko cha maegesho ya chuo kwenye kioo, viti vinne vitupu na muziki unaotikisa hata majani ya barabarani, na Kalamu akageuka, akainama kwenye dirisha lake, akamwonyesha kilima kule juu kwa mkono, mdomo unakwenda, na kijana akainua kioo chake polepole mpaka mwisho, hakukasirika wala nini, aliinua tu, kama mtu anayefunga friji... na dereva akakaribia kucheka kwa sauti, umeona, umeona dunia, yeye alikuwa na elimu yake juu ya wanafunzi, hakuipata darasani, yeye na darasa waliachana la saba bila kuagana vizuri, aliipata kwenye vioo, kwamba wanaokuja kwa miguu ndio hufika wa kwanza na kukaa mbele, na wanaoletwa na baba zao huomba washushwe kona moja kabla ya geti ili wasionekane wanaletwa na baba, na wenye magari yao hufika wa mwisho, na kutwa hawatafuti vitabu, wanatafuta kivuli cha kuegesha, wamekwisha kupigana ngumi kwa ajili ya kivuli cha mti mmoja, na wa basi hawa ndio wake, ndio kundi lake, yeye ndiye anayeamua nani atajua jambo gani siku hiyo, profesa na vyeti vyake vyote anafundisha wale tu ambao yeye dereva amemletea, lini mtu aliwahi kuliona hilo, hakuna, wanaona bwana mwenye shati la bluu... 

"Huyu dada si ndiye ana mtihani wa marudio leo?" ile sauti ya kike tena, sasa kwa jirani yake lakini kwa makusudi ya kusikika. "Saa mbili kamili. Ukumbi unafungwa na robo. Akikosa huu wamesema anarudi kwao, basi tena."

"Kwa nini alishindwa ule wa kwanza?"

"Hakushindwa. Mahudhurio. Kipindi cha asubuhi alikuwa anachelewa kila wiki, wakamkata."

...kila wiki. Dereva akasikia jambo fulani likimtambaa kifuani, si uchungu, hapana, lilikuwa kama unapokanyaga breki ya gari jipya na gari zima likatii, alikuwa hajui kwamba mguu wake unafika mbali namna ile, alidhani anampotezea dakika kumi, kumi na tano, kumbe alikuwa anamkata kipande kipande, mpaka leo, na leo ndiyo kipande cha mwisho kiko hapa chini ya kidole gumba... afisa alinivua safari kwa mstari mmoja, mama, na mimi sina kalamu, nina mlango.

Halafu treni ikasimama. Huwa inasimama, siku moja moja, katikati ya kupita, ishara ya mbele ikikataa, inalia vyuma kutoka kichwani hadi mkiani, gadaa, gadaa, gadaa, kisha inanyamaza, na nguzo inabaki imelala na behewa moja la saruji limekuziba uso, dakika tano, dakika kumi, haijulikani, na baada ya kelele ile kimya huwa kikubwa mno, kama umetolewa pamba masikioni, kijana wa kigari chekundu naye alikuwa amezima muziki achukue simu, na dereva akasikia mkoba wa mtu ukifunguka, akasikia mtu akitafuna, akasikia nyuma ya kisogo chake kabisa, kiti cha mbele, sauti ya Mheshimiwa... Mheshimiwa, kiongozi wa wanafunzi, koti hata jua likiwaka, huyu ndiye kijana wake, huyu alimheshimu, humpa kile kiti cha mbele kila siku na kumngojea hata dakika nne akichelewa, kwa sababu ukurasa ule ule wa daftari, chini ya yale maparuo, kulikuwa na mstari mwingine, mwandiko wa duara, msafi, umekaa sawasawa juu ya mstari, afisa alimsomea na huo pia, Dereva wetu ana maumivu ya mgongo kwa sababu kiti chake kimebonyea, tunaomba abadilishiwe kiti, na mwezi haukuisha wakamfungia kiti hiki kipya, chenye mto na kamba ya kukiinua, anachokikalia sasa, na tangu hapo analala kama mtoto na kope zake hazijasalimiana tena, na mwandiko kama ule ni wa nani kama si wa kiongozi, na Mheshimiwa mwenyewe siku ile alikipigapiga kiti akamwambia, "Umeona, Rubani? Sisi tunakupigania," Rubani, ndivyo anavyomwita, na dereva karibu machozi yamtoke...

"Lakini huyu mzee kwa nini anamchukia yule dada namna hii?" alikuwa jirani yake Mheshimiwa, mwenye miwani, kwa sauti ya chini, ila ile ya chini ya mtu aliyezoea injini kuwaka.

Mheshimiwa akacheka kwa pua. "Anadhani yeye ndiye aliyemwandika."

"Kumwandika nini?"

"Ile ya kusinzia. Si niliandika mimi."

"Wewe!"

"Polepole bwana. Timu ilikuwa inasafiri, nikataka tupewe lile basi jipya, na basi jipya lina dereva wake. Ningelipataje mzee asipotolewa? Sikuwa na ubaya na mzee."

"Kwa hiyo hakusinzia."

"Alisinzia, kwenye mzunguko pale. Mimi sikuona, aliniambia huyo huyo dada. Tena akaniapisha nisimwambie mtu, eti mzee atafukuzwa, ni mgongo tu unamsumbua, tumwombee kiti. Akaandika ya kiti. Mimi nikaona juu yake pana nafasi, nikajaza."

"Na unamwacha ateswe namna hiyo wiki zote? Kwa nini usiseme?"

"Niseme nikose siti?" na wakacheka wote wawili, mwenye miwani alianza kwa kujizuia lakini akacheka.

...hakugeuka. Masikio yalipata moto, kwanza la kulia, kisha la kushoto, akatazama behewa la saruji, lilikuwa na namba, akaisoma namba, akaisoma kutoka nyuma, na mikono yake ilikuwa mizito juu ya usukani kama mikono ya mtu mwingine aliyeisahau hapo, kwa hiyo ulimi ule uliotokeza, Alhamisi ile, ulikuwa unaandika kiti... kiti hiki... na akasikia kiti chini yake, kila mahali kilipomgusa, mapajani, kiunoni, pale penyewe palipokuwa panauma, kilikuwa kimemshika vizuri, kwa upole, hakuna mtu aliyemshika kwa upole namna hiyo miaka mingi, na akataka kusimama, lakini dereva hasimami akiwa kazini, akasimame aende wapi, mgongo wake mwenyewe akaufiche wapi... mfungulie. Haya, mfungulie sasa, bonyeza, sekunde moja, treni imesimama, kuna muda, akiingia utamwambia kaa mwanangu, utamtoa Mheshimiwa kwenye kile kiti, utamwambia inuka bwana mdogo mpishe dada ako, utawasha moto, utapanda kile kilima kwa gia ya tatu uone kama yupo mwingine duniani awezaye, utamfikisha na dakika tatu mkononi, na jioni utamsimulia fundi jinsi ulivyookoa mtu... na kidole gumba kikagusa kitufe, kikausikia ubaridi wake, hakikubonyeza... kwa sababu ataingia na atasema nini. Atasema asante baba. Hawezi kusema kingine, ndivyo alivyo, atasema asante baba na atakaa, na macho yale yatakuwa kwenye kioo, kesho, na kesho kutwa, na mwaka mzima, macho yaliyomwona amelala, ambayo yalijua tangu Jumatano ile na yakanyamaza, yakajua na ya mita thelathini, na ya bahasha, na ya bomba, yakajua kwa nini, lazima yalijua, basi zima lilijua, na bado shikamoo baba, kwa maana hiyo haikuwa shikamoo ya mnafiki, ilikuwa ile ya mama watoto, ile ile, ya kuonea huruma mtu mzima, katoto ka miaka ishirini kamekaa nyuma ya basi kanamwonea huruma yeye, yeye aliyeteremka mlima bila breki, wiki saba alikuwa anadhani anamfunza adabu kumbe alikuwa anavumiliwa, kama mzee wa nyumbani anayekojoa kitandani, na goti lile... goti lile lilikuwa goti la nani sasa, kabla ya treni kusimama lilikuwa goti la mtu aliyemchongea, goti la haki, mtu analicheka jioni na fundi wake na analala, na akibonyeza hiki kijani tu, mlango ukisema fyuu, lile goti linageuka, na bahasha inageuka, na wiki zote saba zinageuka na kumtazama usoni... mlango ukikaa ulivyo hakuna kinachogeuka. Ni sheria. Karatasi iko hapo, ina mhuri.

"Rubani," Mheshimiwa akaita kwa sauti kubwa, ya hadhara, ile ya mikutano, huku mwenye miwani bado anajifuta macho, "mfungulie basi huyo dada bwana, ana mtihani, mwonee huruma!" na watu wawili watatu wakaitikia, ndiyo, mfungulie mzee, na dereva akamtazama kwenye kioo cha ndani, koti, meno, uso wa kijana asiye na deni na mtu, akangoja hasira ije, aliiandalia nafasi, akaingoja kwa haki kabisa kwa sababu huyu ndiye, mkono ulioparura ni huu, safari za timu zimeliwa na huyu, vidole vitatu vya afisa ni vya huyu, na hasira haikuja, badala yake akaona kitu kingine, akaona kwamba huyu alijua na alinyamaza ili akae vizuri, na yeye sasa anajua, na ananyamaza, ili akae vizuri, wamekuwa wawili, walikuwa kama watu waliokutana nyuma ya nyumba wakijificha na mvua moja, na akamkunjulia uso, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka tamu, ya baba na mwana, "Ningependa, mwanangu, lakini nikifungua hapa, kesho mtu ataniandika," na Mheshimiwa akapepesa macho mara moja, akatazama saa yake.

Nje hakukuwa na ko ko tena. Akageuza shingo, hakutaka, shingo iligeuka yenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamtazama, alikuwa ameweka kiganja kizima juu ya kioo, bila kugonga, ameinama ili apate kumwona usoni chini ya ile karatasi, jasho limechora mistari kwenye vumbi la mbao, na hakuwa amekasirika, angekasirika, laiti angemtukana, angemtukania mama yake mbele ya watu, angefunguliwa hata mara mbili, lakini alikuwa anamtafuta machoni kama mtu anayetazama dirisha la nyumba yenye mgonjwa, na mdomo ukasema jambo fupi ambalo kioo kilikula sauti yake, maneno mawili, na la kwanza lilikuwa baba... na dereva akakiondoa kidole gumba kwenye kitufe, akakipeleka usukanini kwa wenzake wanne, akawapanga wote watano vizuri, na akajua kwa uhakika uliomtuliza hadi tumboni kwamba yeye amekwisha kumsamehe Mheshimiwa, haikuchukua hata dakika, aliyekuandika ubaya mnakunywa naye chai, lakini huyu, aliyemwandikia wema, na wema wenyewe yeye akaukalia huku akimwangusha barabarani, huyu atamsamehe vipi, kwa lipi hasa, hana kosa hata moja la kusamehewa, hana pa kumshikia, na atamchukia sasa kuliko alivyomchukia jana, jana alikuwa na sababu na sababu huisha... na akageuza uso mbele, kwenye behewa, kwenye nguzo iliyolala, na moyoni akaanza kuliomba lile dubwana la chuma, yeye ambaye hajamwomba mtu kitu tangu aachane na darasa la saba, tembea, tembea mama, jikokote hata hatua mbili, inua hiyo nguzo niondoke, tembea kabla huyu mtoto hajanitabasamia.